Raba mpya za breki zinashika vibaya kuliko zilizokwisha (Raleigh ya babu, breki za fito)

#1 Mjukuu_Tororo

Wanajukwaa, salaam. Naomba msaada wa haraka kidogo, maana baiskeli hii ndiyo miguu yangu kila siku.

Nina Raleigh ya marehemu babu, ile nyeusi ndefu ya magurudumu ya 28. Breki zake ni za fito za chuma, si za waya. Babu aliinunua kabla sijazaliwa, na mpaka anatutoka hakuwahi kuiacha ilale nje hata usiku mmoja. Raba za breki zilikuwa zimelika hadi kibati kikaanza kugusa rimu, ukishika breki unasikia chuma juu ya chuma. Nikaenda Mbale, nikanunua raba nne mpya, nikazifunga mwenyewe Jumamosi asubuhi kwa spana na koleo.

Hapa ndipo sielewi. Raba mpya zinashika vibaya kuliko zile zilizokwisha. Ya mbele inalia kama mlango wa ghala na baiskeli inaendelea na safari yake. Jana nikiteremka, mbuzi akakatiza. Nikavuta breki zote mbili mpaka mikono ya breki ikagusa usukani, wapi! Ikabidi niburure miguu. Nusu ya soli ya kiatu changu cha kushoto imebaki kwenye lami. Mbuzi mzima, mimi mzima, lakini mke wangu hataki tena nimpakie mtoto kwenye keria, na nampa haki.

Inakuwaje kitu kipya kikawa kibaya kuliko kilichokwisha?

#2 Boda_wa_Busia

Pole sana ndugu. Umeuziwa plastiki iliyopakwa rangi nyeusi. Nimepakia watu kwa baiskeli pale mpakani miaka tisa kabla ya kuhamia pikipiki, na raba nilikuwa nabadilisha mara nyingi kuliko soksi. Kabla ya kulipa, bonyeza raba kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha ukiacha alama, nunua. Ukiteleza kama umebonyeza kioo, mrudishie mwenye duka raba zake.

#3 Fundi_Mbale

Boda_wa_Busia, jaribio la ukucha ni kweli, nami nalifanya. Ila tusikimbilie kulaumu duka. Raba ikikaa juani dirishani miaka mitatu inakuwa ngumu hata kama ilitoka kiwandani ikiwa nzuri. Wengi wanazitundika mlangoni ili zionekane, na jua la mchana linazikausha.

Mjukuu, nisikilize kidogo. Breki ya fito si sawa na ya waya. Ya waya inabana rimu kutoka pembeni, kushoto na kulia. Ya fito inavuta upinde wa chuma, ule wenye umbo la U, na raba zinakandamiza rimu kutoka ndani, upande ule zinakotokea spoku. Kwa hiyo raba zake si za kufunga kiholela. Kila raba imeingizwa kwenye kibati ambacho upande mmoja kiko wazi na upande mwingine kimefungwa. Upande uliofungwa lazima uelekee mbele. Ukigeuza, gurudumu linaivuta raba itoke kwenye kibati chake, na siku moja utaona umebaki na kibati kitupu mteremkoni.

Angalia hilo kwanza, halafu urudi hapa.

#4 Mjukuu_Tororo

Fundi, nimetoka kuangalia sasa hivi kwa tochi ya simu. Mbele upande wa kulia nimegeuza! Mdomo wazi unatazama mbele, na raba imeshachomoza kama upana wa kidole. Kushoto iko sawa. Asante sana.

Za nyuma ndizo sijui nisemeje. Zimesimama wima nyuma ya pedeli. Mbele yake ni ipi, juu au chini?

#5 Boda_wa_Busia

Juu.

#6 Mhandisi_Jinja

Chini, jamani, chini. Ndugu yangu wa Busia, hapo utamwangusha mtu.

Fuateni gurudumu lenyewe. Baiskeli ikienda mbele, sehemu ya juu ya gurudumu inakwenda mbele, na sehemu ya mbele ya gurudumu inateremka kuelekea ardhini. Breki ya mbele inashika karibu na juu, chini kidogo ya kichwa cha uma, ile panda inayoshika gurudumu la mbele, ndiyo maana Fundi kasema upande uliofungwa utazame mbele. Lakini ile ya nyuma kwenye Raleigh hizi inashika upande wa mbele wa gurudumu la nyuma, karibu na ekseli ya pedeli. Pale rimu inashuka. Raba inavutwa kwenda chini, kwa hiyo upande uliofungwa ukae chini uizuie.

Kama huamini, inua gurudumu la nyuma, lizungushe taratibu kwa mkono kama linavyokwenda barabarani, uguse rimu kwa kidole. Kidole kinakovutwa, huko ndiko kwa upande uliofungwa. Huhitaji kukariri chochote.

#7 Fundi_Mbale

Mhandisi yuko sahihi, nami niliandika kwa haraka. Niliposema mbele nilikuwa nawaza breki ya mbele peke yake. Asante kwa kunisahihisha.

#8 Boda_wa_Busia

Sawa, nimekubali, chini. Yangu ilikuwa na breki moja tu ya mbele, ya nyuma niliitoa ili nipate nafasi ya kufunga chuma cha abiria kukanyagia.

#9 BintiKibuli

Nami nina swali kwa mwenye uzi. Hiyo baiskeli uliing'arisha?

Naulizia kwa sababu. Baba yangu alikuwa na ya kwake, akiendea sokoni Nakasero alfajiri. Mwaka mmoja, kuamkia Idi, mimi na kaka yangu tukaamua kumfurahisha. Tukaipangusa yote, madigadi, kengele, rimu, kwa kitambaa chenye oili. Iling'aa mpaka unajiona uso. Asubuhi baba akapanda, akafika chini ya kilima cha Kibuli akiwa hawezi kusimama, akaingia kwenye ua wa miti wa jirani. Hakutupiga. Alikaa chini na sisi, akatuonyesha rimu kwa kidole, akasema, hapa hapaguswi na mafuta, hapa ndipo ninaporudi nyumbani kwenu.

Kwa hiyo sema kweli.

#10 Mjukuu_Tororo

Dada, umenishika. Niliipangusa Ijumaa kwa oili ya injini iliyobaki kwenye chupa. Rimu pia. Niliona kromu imeanza kutoka vidoto vya kutu nikataka kuiokoa.

#11 Fundi_Mbale

Basi! Hapo kesi imekwisha. Petroli kidogo kwenye kitambaa safi, pangusa rimu yote mahali raba zinapogusa. Fanyia nje, mbali na sigara na jiko. Halafu osha kwa maji ya sabuni, kausha. Raba zenyewe zimeshakunywa mafuta, zisugue kwa msasa mpaka uone weusi usiong'aa.

#12 Mzee_wa_Elgoni

Wanangu, kesi haijaisha. Kuhusu mafuta binti amesema vizuri, Mungu amrehemu baba yake kama ametangulia. Lakini kelele ile aliyoitaja kijana, kelele ya mlango wa ghala, sijaisikia ikitoka kwenye raba. Naisikia ikitoka kwenye vishikio.

Pale ncha za upinde wa U zinapopita, kuna vishikio viwili vidogo vilivyofungwa kwenye miguu ya uma. Kazi yake ni kuuongoza upinde upande na kushuka bila kuyumba. Vikilika, tundu linapanuka, upinde unacheza. Ukishika breki, rimu inauvuta upinde mbele, unarudi, unavutwa, unarudi, mara nyingi kwa sekunde. Hiyo ndiyo kelele. Raba mpya inautikisa zaidi ya ile iliyolika. Ndiyo maana hukuisikia kabla.

Niwaambie nilivyojua. Wahindi walipopewa siku 90 waondoke mwaka 1972, maduka ya baiskeli yaliyokuwa yao yakabaki makufuli. Aliyepewa duka akauza kilichokuwemo, kikiisha basi. Raba ya breki ikawa kitu cha kutafuta kama dawa. Tulikata raba kutoka kwenye tairi za lori, tena tukachagua sehemu ya pembeni isiyo na waya ndani, kwa sababu waya ulikuwa unachana rimu. Tulizichonga kwa kisu kilichochovywa maji ya sabuni, kisu kikavu hakiingii.

Halafu ikaja baridi ile iliyoua kahawa Brazili mwaka 1975, bei ikapanda duniani kote, na ng'ambo ya mpaka walilipa pesa yenye thamani. Hapa kwetu mlimani vijana tukabeba kahawa usiku kuipeleka upande wa Kenya. Biashara hiyo wenyewe wakaiita Chepkube, jina la soko la huko mpakani. Sijivunii wala sifichi, wengi tulisomesha watoto kwa kahawa ile. Gunia zima kwenye keria, giza, njia ya mawe, na askari wanasikiliza. Breki ikilia, umejitaja jina. Raba tulikuwa nazo mbovu, lakini hazikulia, kwa sababu tulikata vipande vya gunia tukavikaza kwenye vile vishikio, upinde ukakaa kimya. Gunia likilowa umande linanyamaza zaidi.

Kijana, shika ncha ya upinde kwa vidole viwili uitikise. Ikicheza, umempata mwizi wako.

#13 BintiKibuli

Mzee, asante. Baba bado yupo, ana miaka 81, nimemsomea ujumbe wako. Anasema yeye aliweka kipande cha ngozi ya mkanda badala ya gunia.

#14 Mzee_wa_Elgoni

Alhamdulillahi. Nisamehe binti, nilielewa vibaya. Msalimie sana. Ngozi ni bora kuliko gunia.

#15 Jirani_Kisumu

Majirani habari. Nafuatilia uzi wenu tangu asubuhi. Sisi huku tunaziita breki bloku, na baiskeli yenyewe Bleki Mamba. Nyinyi mnasema raba. Raba si ile ya kufutia penseli?

#16 Boda_wa_Busia

Jirani, na nyinyi bloku si zile za kujengea nyumba?

#17 Fundi_Mbale

Dukani kwangu mtu akisema raba za breki, mpira wa breki, bloku, nampa kitu kilekile. Mganda akija anasema eggaali, naye nampa. Ila lazima aseme kama ni ya fito au ya waya, hapo ndipo watu wanaporudi wamekasirika.

#18 BintiKibuli

Na ukisema eggaali peke yake, mtoto wa mjini atauliza ipi, maana treni nayo ni eggaali y'omukka, ya moshi. Wazee wanaitofautisha baiskeli kwa kusema ni ile ya nguvu za kifua. Napenda sana jina hilo. Ukipanda kilima cha Kibuli na debe la maziwa unaelewa kwa nini.

#19 Boda_wa_Busia

Na neno boda boda limezaliwa kwetu Busia, tusisahau. Kati ya kituo cha forodha cha Uganda na cha Kenya kulikuwa na mwendo wa kutembea, na kuvuka kwa gari kulitaka makaratasi mengi. Wenye baiskeli wakasimama pale wakiita abiria, boda, boda, nikuvushe hadi boda ya pili. Hiyo ni miaka ya 60.

#20 Mjukuu_Tororo

Babu alikuwa akisema walianza Malaba, na baiskeli hii hii ilivusha watu. Lakini tusitoke nje ya mada, nyie. Breki.

#21 Boda_wa_Busia

Malaba walituiga. Endelea na breki.

#22 Kijana_Lira

Naona hakuna aliyegusa gurudumu lenyewe. Lira baiskeli ni nyingi mno, na kosa hili naliona kila wiki kwa fundi wetu.

Kwa breki ya waya, gurudumu likiyumba kushoto na kulia unapata tabu, kwa sababu raba ziko pembeni. Kwa breki ya fito kuyumba huko hakukusumbui sana. Kinachokuua ni gurudumu lisilokuwa duara. Spoku zikilegea upande mmoja, au ukipiga shimo na mzigo, rimu inapata tumbo au bonde. Raba inakandamiza kutoka ndani, kwa hiyo penye bonde inashika kwa nguvu, penye tumbo inaachia. Ukiwa mteremkoni unasikia breki inashika, inaachia, inashika, inaachia, na mkono unafika kwenye usukani kwa sababu umerekebisha raba kulingana na sehemu ile ya bonde isiguse.

Jaribu hivi. Usiipindue baiskeli chini juu, uzito wote utalalia mikono ya breki na fito zitapinda. Itundike kwa kamba kwenye tawi la mwembe, kamba chini ya siti na nyingine kwenye usukani. Funga msumari kwenye uma, ncha yake ikaribie rimu kutoka ndani, nywele moja tu ya nafasi. Zungusha. Angalia mwanga kati ya msumari na rimu. Mwanga ukifunga na kufungua, kazi yako ni ya spoku, siyo ya raba.

#23 Mhandisi_Jinja

Kijana_Lira ametoa hoja nzuri kuliko zote mpaka sasa, ingawa sidhani ndiyo jibu kamili. Zile raba za zamani zilikuwa zinasimamisha baiskeli kwenye gurudumu hilohilo. Gurudumu halikuharibika Jumamosi.

Mimi naona jambo jingine. Rimu za Raleigh hizi, zile za Westwood, si bapa. Katikati zina mfereji wa spoku na kila upande una mgongo wa mviringo. Raba ya zamani ilikuwa imelika miaka mingi mpaka ikachukua umbo la mgongo ule, imeukumbatia. Raba mpya ni bapa. Inagusa kwa ukingo mwembamba tu. Ukivuta kwa nguvu mteremkoni, ukingo ule unapata moto, unaiva, unavaa ngozi inayong'aa, na ngozi hiyo inateleza. Kuanzia hapo hata ukiendelea kuitumia hailiki tena ikapata umbo, inazidi kuwa kioo.

Kwa hiyo siku za kwanza usiijaribu mteremkoni. Funga msasa juu ya rimu, uso wa kukwaruza utazame raba, shika breki kidogo, sogeza gurudumu mbele na nyuma. Msasa utaichonga raba kwa umbo la rimu yako. Dakika kumi kila upande. Ukimaliza, pangusa vumbi lote.

#24 Fundi_Mbale

Hilo la msasa juu ya rimu nilikuwa sijalisikia, miaka yote hii nachonga kwa tupa kwa kukadiria. Nitalijaribu kesho kwenye baiskeli ya Roadmaster ya mteja mmoja.

#25 Fundi_Katwe

Mnajisumbua. Sisi mafundi wa Katwe, Kampala, tunachukua lainingi kuukuu ya breki ya gari, tunaikata kwa msumeno, tunaipigia riveti kwenye kibati. Haiishi. Inashika hata ukibeba mikungu minne ya matoke. Raba ni ya watoto wa shule.

#26 Mhandisi_Jinja

Fundi, naheshimu kazi za Katwe, nusu ya vyuma vya nchi hii vinatoka mikononi mwenu. Lakini hilo la lainingi tafadhali liacheni. Lainingi nyingi za zamani zilitengenezwa na asbesto, na vumbi lake ukilivuta linakaa kwenye mapafu maisha yako yote. Ugonjwa wake unakuja baada ya miaka mingi, wakati umeshasahau ulichokata. Huwezi kuijua kwa macho ipi inayo na ipi haina. Tena inakwaruza rimu kuliko raba, itakula kromu kisha chuma chenyewe.

#27 Fundi_Katwe

Tumekata tangu enzi za mwalimu wangu, naye anatembea.

#28 Muuguzi_Mbarara

Mwalimu wako nafurahi anatembea. Lakini wodini tunampokea yule ambaye hatembei, na anapokuja hakumbuki kazi aliyofanya miaka 30 iliyopita. Mhandisi hakukosea hata neno. Kama umeshaikata, loweka kwanza maji, usiipulize kwa mdomo, na watoto wasikae karibu.

#29 Nyabo_Kisoro

Naingia kwa sababu mnaongea kama wote mnaishi tambarare. Sisi huku mteremko mmoja unakwenda kilomita kadhaa, na kaka yangu anashuka na magunia ya viazi Ulaya. Nimemwonyesha uzi.

Anasema kwake raba haikuwahi kuwa shida ya kwanza, shida ni moto. Ukishikilia breki bila kuachia, rimu ya chuma inapata moto mpaka kiraka cha tyubu kinaachia gundi. Siku moja alisikia psss akiwa katikati ya kona, tairi la mbele likalala, viazi vikatangulia chini bondeni. Tangu siku hiyo anashika ya nyuma, anaiachia, anashika ya mbele, anaiachia, kwa zamu. Na akisikia harufu ya mpira kuungua anashuka, anasukuma.

Anauliza pia kama kijana anajua mkono gani ni wa breki gani. Wengi wanadhani wanashika nyuma kumbe wanashika mbele.

#30 Mjukuu_Tororo

Kulia ni mbele, kushoto ni nyuma. Fito ya kushoto inapita chini ya fremu hadi kwenye kile kiwiko cha chuma karibu na pedeli, inageuka kwenda nyuma. Kile kiwiko nacho kimelegea kidogo, sasa naanza kuogopa kila kitu.

#31 Boda_wa_Busia

Ukiwa na abiria, tegemea ya nyuma. Uzito wote uko nyuma.

#32 Mhandisi_Jinja

Kwenye tambarare nakubali kidogo. Mteremkoni uzito unasogea mbele kila unaposhika breki, hata kama abiria kakaa nyuma. Ukitegemea ya nyuma peke yake gurudumu litafunga na kuburuta. Tumia zote mbili, ya mbele kwa utaratibu.

#33 Boda_wa_Busia

Mhandisi, wewe umesoma. Mimi nimepakia mwanamke mjamzito na mizigo yake kutoka Busia hadi hospitali, mvua inanyesha, kwa breki moja. Haya mambo ya uzito kusogea nayajua kwa mgongo.

#34 Sauti_ya_Arua

Umetaja mvua, na hapo ndipo ninapotaka kusema. Rimu ya chuma yenye kromu ikilowa, raba iwe nzuri au mbaya inateleza. Baiskeli mpya zenye rimu za alumini zinashika vizuri zaidi kwenye maji, hii ya babu haitaweza kamwe, hata ukinunua raba za dhahabu. Zamani Uingereza, wanakonyeshewa kila siku, waliuza raba zenye kipande cha ngozi usoni kwa ajili ya rimu za chuma, kwa sababu ngozi inafuta maji. Baba wa BintiKibuli na mkanda wake alikuwa karibu na siri hiyo, ila aliuweka mahali pengine.

Mvua ikinyesha, shika breki kidogo mapema, kabla hujahitaji kusimama, rimu ijipanguse mizunguko kadhaa. Halafu ndiyo uvute. Mjukuu, jana kulikuwa na mvua?

#35 Mjukuu_Tororo

Umande tu. Ilikuwa saa moja asubuhi.

#36 Sauti_ya_Arua

Umande unatosha. Ukichanganya na ile oili yako, ni sabuni tupu.

#37 Jirani_Kisumu

Kiswahili chenu kimekuwa kizuri jamani. Zamani mlikuwa mnasema Kiswahili ni cha askari.

#38 Muuguzi_Mbarara

Kimekuwa chetu. Tangu baraza la mawaziri liamue mwaka 2022 kifundishwe shuleni kwa lazima, binti yangu ananirekebisha ngeli mezani. Juzi kaniambia si "baiskeli yake imeharibika breki", ni "breki za baiskeli yake zimeharibika". Nikamwambia zote hazisimami.

#39 Mjukuu_Tororo

Ndugu zangu, naleta habari. Jana jioni nimefanya yote niliyoweza.

Nimegeuza raba ya mbele kulia, na za nyuma nimeweka upande uliofungwa chini baada ya kufanya jaribio la kidole. Mhandisi, kidole kilivutwa chini kama ulivyosema. Rimu nimepangusa kwa petroli mara tatu, kitambaa cha kwanza kilitoka cheusi, cha tatu kikatoka kijivu. Nikafunga msasa kwenye rimu ya mbele nikachonga. Nilipoitoa raba kuitazama, kweli ilikuwa na mstari mmoja unaong'aa pembeni, mwembamba kama uzi wa kushonea, kwingine kote haikuwa imegusa kitu. Sasa inagusa karibu yote.

Leo asubuhi nimejaribu uwanjani, halafu mteremko mfupi. Ya mbele inasimamisha! Si kama gari, lakini inasimamisha, na mkono hauugusi usukani. Ila bado inalia, sauti imepungua tu, imekuwa nyembamba. Ya nyuma bado dhaifu, inashika na kuachia kama alivyoeleza Kijana_Lira. Nimetikisa upinde wa mbele kama alivyosema Mzee, unacheza kiasi cha unene wa njiti ya kiberiti.

#40 Mzee_wa_Elgoni

Unene wa kiberiti ni mwingi. Nilikuambia.

#41 Kijana_Lira

Ya nyuma inashika na kuachia! Ndilo gurudumu. Mwembe unao?

#42 Fundi_Mbale

Mimi bado nasema mafuta hayajatoka yote kwenye raba za nyuma. Raba ikishakunywa oili haitapiki yote kwa msasa. Nunua mbili mpya za nyuma, uanze safi.

#43 Boda_wa_Busia

Na ukinunua, ukucha!

#44 Mhandisi_Jinja

Kiwiko kilicholegea nacho kinakula mvuto. Kabla ya kununua chochote, kaza kiwiko, halafu mtu mmoja avute mkono wa kushoto, wewe uangalie chini. Kama fito ya juu inakwenda sentimita mbili na ile ya chini inakwenda moja, nguvu zako zinapotelea pale. Lakini angalia nati. Raleigh za zamani zilichongwa kwa nyuzi zao za Kiingereza, nati ya milimita itaingia mizunguko miwili halafu itang'oa nyuzi za bolti. Usilazimishe.

#45 Nyabo_Kisoro

Hapo hapo kwa nati. Kaka yangu analia na nati za vishikio, zile mbili ndogo za kwenye uma. Fundi_Mbale, unazo za kuukuu za Raleigh kwenye kopo lako? Tutatuma mtu na basi.

#46 Fundi_Mbale

Kopo ninalo, zima la mafuta ya kula, limejaa. Mwambie apime kwa bolti ya kwake, asipime kwa macho. Na vishikio vyenyewe ninavyo jozi moja nilivyotoa kwenye Raleigh iliyogongwa, havijalika. Hivyo nataka nimpe Mjukuu kama Mzee anasema ndiyo mwizi.

#47 Mzee_wa_Elgoni

Ndiyo mwizi.

#48 Kijana_Lira

Ya mbele, Mzee. Ya nyuma ni spoku.

#49 Mjukuu_Tororo

Fundi, asante sana, nakuja Mbale Alhamisi na baiskeli yenyewe juu ya matatu. Mwembe ninao kwa jirani, kamba nimeshaazima. Kesho asubuhi naitundika, nitaweka picha ya msumari na rimu. Mke wangu anauliza kama mtoto anaweza kupanda Jumapili.

#50 BintiKibuli

Mwambie bado. Baba anasema mpaka ya nyuma ishike.